Mchuuzi na Mlanguzi
Mada kwa viongozi wa walei na wanajumuiya, Misigiri



Mada hii mmeiomba ninyi wenyewe. Katika vikao vya jumuiya swali moja limekuwa likirudi kwa sura mbalimbali: mtu anunuapo bidhaa dukani kwa fedha yake halali, kisha akaiuza kwa bei iliyo juu ya ile aliyonunulia, je, ametenda kosa? Wengine huuliza kwa hofu ya sheria, kwa sababu wamewahi kutishwa na mtu mwenye kofia ya serikali. Wengine huuliza kwa sababu ya dhamiri. Mkulima analima, fundi anashona, lakini huyu anayebeba katoni ya maji kutoka duka hili hadi dirisha la basi lile, jasho lake liko wapi?

Hapa kwetu swali hili ni la kila siku. Misigiri ni njia panda. Magari yatokayo Dar es Salaam na Dodoma kwenda Shinyanga, Mwanza, Rwanda na Burundi hupita hapa, na hapa ndipo iachanapo njia ya Kiomboi. Malori hupumzika kabla ya kuushuka mlima wa Sekenke au baada ya kuupanda. Palipo na wasafiri pana kiu na njaa, na penye kiu na njaa pana mama mwenye beseni kichwani. Maji yale hakuyachota kisimani, wala biskuti zile hakuzioka. Amezinunua dukani asubuhi, naye anaziuza barabarani mchana. Wapo pia wanaokwenda Singida mjini kila wiki, wakarudi na sabuni, sukari, kandambili na betri, wakaziuza vijijini ambako hakuna duka. Tukisema watu hawa wanavunja sheria, tumezihukumu kaya nyingi za jumuiya zetu. Tukisema lolote wafanyalo ni sawa, tumewaacha wanunuzi maskini bila mtetezi. Ndiyo maana inatupasa kusema kwa uangalifu.

Kiswahili chetu kina maneno mawili ambayo watu wengi wameyachanganya. Mchuuzi ni mtu anunuaye vitu na kuviuza kidogo kidogo. Ni jina la kazi, halina aibu ndani yake. Mlanguzi ni yule akusanyaye bidhaa wakati wa uhaba ili aiuze kwa bei ya kuumiza. Kwa miaka mingi nchini mwetu maneno haya yalifungwa kamba moja, na inafaa tukumbuke jinsi ilivyotokea, maana wazee waliomo humu ndani bado wanaibeba hofu ile, na wengine wamewarithisha watoto wao.

Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kudhibiti bei, ikaundwa Tume ya Bei. Bidhaa nyingi zikawa na bei iliyopangwa na serikali, na usambazaji wake ukapita katika makampuni ya biashara ya mikoa, yale tuliyoyaita RTC, na maduka ya vijiji na ya ushirika. Nia ilikuwa njema: mtu wa Iramba asinyonywe kwa sababu tu yuko mbali na kiwanda. Lakini ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na baada ya mafuta kupanda bei duniani, fedha za kigeni zilikwisha na rafu za maduka zikawa tupu. Sabuni, sukari, khanga na dawa ya meno vikawa vitu vya kutafutwa kwa foleni. Bei ya karatasi ilibaki pale pale, na bidhaa ikahamia uani.

Ndipo mwaka 1983, Mwalimu Nyerere akiwa Rais na Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilianzishwa vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Sheria yake iliunda baraza maalumu la kuwahukumu, na mbele ya baraza hilo mshtakiwa hakuruhusiwa wakili wala dhamana. Walikamatwa watu wazito wenye maghala. Walikamatwa pia watu wenye vipande vichache vya sabuni. Wako waliotupa bidhaa mitoni na waliozifukia ardhini usiku, kwa kuogopa kukutwa nazo. Hatusemi kwamba ulanguzi haukuwapo. Ulikuwapo, tena ulikuwa mchungu. Tunachosema ni kwamba chandarua kilichotupwa hakikuwa na matundu ya kuwapitisha samaki wadogo. Mwaka uliofuata sheria ile ilibadilishwa na nyingine iliyorudisha mashauri hayo mahakamani, na mwaka huo huo wa 1984 serikali ilianza kulegeza masharti ya uingizaji wa bidhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 udhibiti wa bei ulikuwa umeondolewa kwa karibu bidhaa zote.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hili: kununua dukani na kuuza tena kwa faida si kosa katika sheria za Tanzania. Ukishalipa na kukabidhiwa, mali ni yako. Unaweza kuila, kuigawa au kuiuza. Muuza duka hawezi kukuzuia usiuze tena kile alichokwisha kukuuzia, ingawa anayo haki ya kukataa kukuuzia katoni zote kumi siku ambayo wateja wake wengine watakosa. Bei vilevile, kwa bidhaa nyingi, ni mapatano yenu ninyi wawili, wewe na mteja wako.

Tumesema kwa bidhaa nyingi. Mafuta ya petroli na dizeli bado yana bei kikomo inayotangazwa na EWURA. Na mnakumbuka mwanzo wa mwaka 2024, mvua kubwa zilipokwamisha uvunaji wa miwa na sukari ikaadimika; Bodi ya Sukari ilitangaza bei kikomo za jumla na rejareja kwa kila kanda. Mchuuzi anapaswa kuwa na masikio kwa matangazo ya namna hii, kwa sababu hayaji nyumbani kumtafuta.

Ziko pia bidhaa ambazo, hata kama umezinunua dukani kwa fedha yako, huna ruhusa ya kuziuza tena bila kibali. Petroli katika chupa za maji ni mojawapo. Tunajua vijana wa bodaboda wanaitegemea, tunajua pia kwamba kituo kiko mbali na vijiji vingi. Lakini biashara ya petroli inadai leseni, na chupa ile hukaa chumba kimoja na jiko na watoto. Dawa za kuua vijasumu, zile za rangi mbili ambazo watu huzinunua moja moja, hazipaswi kuuzwa kwenye beseni wala kwenye genge. Dawa yenye alama ya GOT ni mali ya umma iliyosambazwa na Bohari ya Dawa kwa ajili ya zahanati zetu, na kumkuta nayo mchuuzi ni kumkuta na swali zito la kujibu. Mbolea ya ruzuku nayo, tangu utaratibu ulipoanza mwaka 2022, huuzwa kwa mkulima aliyesajiliwa kwa ajili ya shamba lake. Anayeichukua kwa namba yake na kumwuzia mwingine kwa bei ya soko anauza msaada uliotolewa na walipa kodi wote.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, linawaumiza wachuuzi wengi kuliko yote: risiti.

Wengi wetu tunaiona risiti kuwa shughuli ya Mamlaka ya Mapato. Kwa mchuuzi risiti ni cheti cha kuzaliwa cha bidhaa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 311 inamwadhibu mtu apokeaye mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kujua, kwamba imeibwa. Kifungu kinachofuata kinamhusu mtu akutwaye na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi, akashindwa kueleza kwa kuridhisha aliipataje. Fikirini kijana mwenye kaseti mbili za betri za tochi, simu tano ndogo na chaja kumi katika mfuko, barabarani, jioni. Amezinunua kihalali Singida mjini. Muuzaji hakumpa risiti, naye hakuidai kwa sababu aliambiwa kwamba bila risiti bei itashuka kidogo. Akisimamishwa, atasema nini? Ile nafuu ndogo aliyopunguziwa ndiyo iliyomwacha uchi mbele ya sheria.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji atoe risiti na inamtaka mnunuzi aidai. Kwa hiyo mwenye duka kubwa anayemwambia mchuuzi achague kati ya risiti na punguzo anamhamishia mzigo wake. Hata Kariakoo, ambako bidhaa zetu nyingi huanzia safari, mgogoro huu ulilipuka: Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka wakilalamikia utaratibu wa kodi na usumbufu waliosema wanaupata, hata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kukutana nao. Wakubwa waliweza kufunga maduka wakasikilizwa. Mama wa Misigiri akilifunga beseni lake, hakuna atakayejua.

Tunashauri kila mchuuzi awe na daftari. Risiti za mashine huchapwa kwa joto, na zikikaa juani au karibu na jiko hufifia zikawa karatasi nyeupe. Basi siku ile ile ya kununua, andikeni katika daftari tarehe, jina la duka, bidhaa, idadi na namba ya risiti, kisha muihifadhi risiti yenyewe katikati ya kurasa. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wake wa shule. Kazi hii haichukui muda wa kuchemsha chai.

Daftari hilo hilo litamsaidia katika kodi. Watu wanasema mchuuzi halipi kodi, na wengine wanasema kila mchuuzi lazima alipe. Wote wawili wamekosea nusu. Katika viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mtu mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hakutozwa kodi ya mapato kwa mfumo wa makadirio. Angalieni neno mauzo. Wengi husikia faida. Milioni 4 zikigawanywa kwa siku 365 ni karibu shilingi 11,000 kwa siku, na mama anayeuza katoni mbili tatu za maji anaweza kuzivuka bila kujiona tajiri. Kati ya milioni 4 na milioni 7, mwenye kumbukumbu za mauzo alitakiwa alipe asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, na asiye na kumbukumbu alilipa shilingi 100,000 moja kwa moja. Hesabuni wenyewe: mwenye mauzo ya milioni 5 na daftari alilipa shilingi 30,000, na jirani yake mwenye mauzo yale yale bila daftari alilipa zaidi ya mara tatu. Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka, kwa hiyo viwango vya mwaka husika viulizwe ofisini kabla ya kulipa. Namba ya mlipakodi, yaani TIN, hutolewa bure. Anayewadai fedha kwa ajili ya namba hiyo anawaibia.

Kuhusu leseni tuseme kwa kifupi. Mwenye duka au genge la kudumu anatakiwa awe na leseni ya biashara, na kwa biashara ndogo za ndani hutolewa na halmashauri ya wilaya, kwa upande wetu Kiomboi. Wale wasio na mahali pa kudumu walikuwa na leseni ya nguvu kazi zamani. Kisha Desemba 2018 Rais Magufuli alianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Utaratibu wa vitambulisho umebadilishwa tangu hapo, na afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuulizwa. Msinunue kitambulisho kwa mtu wa njiani.

Tumemaliza upande wa sheria, lakini nusu ya swali lenu ilikuwa dhamiri, na hapo hatupendi kupita haraka.

Swali hili si jipya katika Kanisa. Katika karne ya 13, Mtakatifu Tomaso wa Akwino alijiuliza karibu kwa maneno yale yale: je, ni halali mtu kuuza kitu kwa bei kubwa kuliko aliyonunulia? Jibu lake lilikuwa la mtu aliyefahamu soko. Alifundisha kwamba faida yenyewe haina ubaya wala sifa ndani yake. Inategemea inatafutwa kwa ajili ya nini. Anayeitafuta ili kulisha nyumba yake au kumsaidia mhitaji ametafuta jambo jema. Tena mtu anaweza kuongeza bei kwa haki kwa sababu amekiboresha kitu, au kwa sababu thamani yake imebadilika kwa tofauti ya mahali au wakati, au kwa sababu ya hatari aliyoibeba katika kukisafirisha.

Pimeni kazi ya mchuuzi wa Misigiri kwa kipimo hicho. Maji yaliyo dukani, mita mia mbili kutoka barabarani, hayamfai msafiri ambaye basi lake linasimama dakika tano. Mama ameyafikisha dirishani, yakiwa ya baridi. Tuseme amenunua chupa kwa shilingi 300 na kuiuza kwa 500. Katika ile 200 mna barafu, mna chupa iliyopasuka, mna abiria aliyepokea maji na basi likaondoka kabla hajalipa, mna siku ya mvua ambayo hakuuza kitu. Jasho mlilouliza liko hapo. Vivyo hivyo kwa anayebeba sabuni hadi kijiji kisicho na duka: nauli ya mnunuzi kwenda na kurudi ingemeza bei ya sabuni mara kadhaa, na mchuuzi amemwokolea nauli hiyo.

Lakini tuchukue mfano mwingine. Mtu anasikia redioni kwamba sukari itaadimika. Anapita katika maduka yote ya hapa, ananunua mifuko yote, anaifungia ndani, na siku ya tatu anaitoa kwa bei maradufu. Hajakisafirisha kitu, hajamfikishia mtu huduma. Uhaba anaoulipisha ameusaidia kuuzaa. Mwanzoni mwa 2024 kulikuwa na mahali nchini ambapo kilo ya sukari ilivuka shilingi 4,000, na si bei yote ile iliyotokana na mvua. Huyo ndiye mlanguzi, hata kama ana leseni ukutani na risiti mfukoni. Nabii Amosi, katika sura ya 8, aliwakemea wafanyabiashara waliongoja sikukuu ipite wauze ngano kwa kipimo kilichopunguzwa na mizani ya hila.

Na kipimo ndipo tunapoteleza sisi wadogo. Mchuuzi hununua mfuko wa sukari wa kilo 50 na kuugawa katika vifuko. Hununua dumu la mafuta na kuyauza kwa kikombe. Kugawa ni halali, tena ndiko kunakomwezesha maskini kununua. Lakini kikombe chenye kitako kilichobonyezwa ndani, na kifuko kinachoitwa robo kilo bila kufika robo, vinamwibia mtu yule yule ambaye hana uwezo wa kununua kilo nzima. Sheria ya Vipimo inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo. Wachuuzi watano wa jumuiya moja wanaweza kununua mizani moja kwa pamoja. Tunalisema hili kwa sababu tunawasikia watu hawa hawa wakilalamikia, kwa haki kabisa, lumbesa wanayofungiwa vitunguu vyao na wanunuzi wa mjini.

Angalieni pia tarehe za mwisho wa matumizi. Mwenye ghala akikupunguzia biskuti kwa nusu ya bei, geuza pakiti kwanza. Kwa mteja wako muuzaji ni wewe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamtaka auzaye awe na haki ya kukiuza kitu hicho, na afanyaye biashara auze kitu kinachofaa. Kusema nami niliuziwa hivi hivi hakumrudishii mtoto afya.

Linabaki jambo la mali kauli. Wengi wenu hamna mtaji. Mnachukua bidhaa kwa mwenye duka kwa neno la mdomo, mnauza, jioni mnarudisha fedha yake. Huu ni uaminifu mzuri ambao mabenki hayauwezi. Shida huja bidhaa inapoharibika, inapoibwa au inapokamatwa, kwa kuwa hakuna aliyesema mapema hasara ni ya nani. Mwenye duka atasema alikuuzia. Wewe utasema ulikuwa unamwuzia. Kabla ya kupokea, kubalianeni mbele ya mtu wa tatu: je, ambacho hakikuuzwa kinarudi? Andikeni mistari miwili, mtie sahihi au dole gumba. Na mwenye duka akupe nakala ya risiti, kwa kuwa barabarani ni wewe utakayeulizwa.

Viongozi wa jumuiya, mtu wenu akinyang'anywa bidhaa, msikimbilie kulaani wala kunyamaza. Mwendeeni pamoja naye, watu wawili au watatu, mkiwa na daftari lake. Mwulizeni aliyechukua amechukua kwa sheria ipi au kwa sheria ndogo ipi ya halmashauri, na ombeni orodha ya vitu vilivyochukuliwa. Kama ni polisi, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inamtaka atoe stakabadhi ya vitu alivyovikamata katika upekuzi, yenye sahihi za wahusika na mashahidi. Kama ni faini, ilipwe kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, isiwekwe mkononi mwa mtu. Vitu vinavyooza, kama maziwa na mikate, vitajeni mwanzo wa mazungumzo, maana hivyo havisubiri kikao cha kesho.